Sam Gilliam na Kanvasi Iliyovuliwa Fremu: Je, Uchoraji Ulikombolewa au Ulipoteza Makao?

Mwezi Oktoba 1969, wageni walioingia katika Jumba la Sanaa la Corcoran jijini Washington, Marekani, walikuta picha ambazo hazikuwa ukutani. Kanvasi ndefu zilizolowa rangi, mojawapo ikiwa na urefu unaozidi mita 20, zilikuwa zimefungwa juu kwa sehemu chache tu, na kati ya fundo moja na jingine zilikuwa zimeachwa zishuke, zijikunje na zijikusanye kwa uzito wake zenyewe. Hapakuwa na fremu ya mbao nyuma yake wala pembe nne za kumwambia mtazamaji kwamba picha inaanzia hapa na kuishia pale. Mtu hakuweza kusimama mahali pamoja akasema sasa ameiona picha yote, kwa kuwa kila alipopiga hatua, upande mmoja wa kitambaa ulijitokeza na upande aliokuwa akiutazama ukamezwa na mkunjo. Mchoraji wake, Sam Gilliam, alikuwa na umri wa miaka 35.

Zaidi ya nusu karne baadaye, tukio hilo bado huelezwa kwa sentensi moja: Gilliam ndiye aliyeukomboa uchoraji kutoka kwenye fremu. Sentensi hiyo ina ukweli mkubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kazi zile ni za thamani ya kudumu. Hata hivyo, inafunika maswali mawili ambayo hayajaisha. La kwanza ni la ufundi na historia: je, kuivua kanvasi fremu kulikuwa mapinduzi kwa kiwango hicho, au kulikuwa hatua moja katika safari ambayo wengine walikwishaianza? La pili ni zito zaidi: je, mchoraji Mweusi, katika mji mkuu uliokuwa umetoka kuungua kwa hasira ya kuuawa kwa Martin Luther King, alikuwa na haki ya kushughulika na vitambaa na rangi badala ya kuchora nyuso za watu wake?

Ili kuyapima maswali hayo kwa haki, ni lazima kuelewa kwanza alifikaje pale. Gilliam alizaliwa Tupelo, Mississippi, tarehe 30 Novemba 1933, mtoto wa saba kati ya wanane, akakulia Louisville, Kentucky, alikosomea sanaa hadi shahada ya pili mwaka 1961. Mwaka 1962 alihamia Washington, mji alikofanya kazi mke wake, Dorothy Butler Gilliam, mwanamke Mweusi wa kwanza kuajiriwa kama ripota wa gazeti la Washington Post. Huko alikuta kundi la wachoraji waliokuwa wameigeuza rangi kuwa mada yenyewe: Morris Louis, aliyefariki mwaka huohuo wa 1962, Kenneth Noland, Gene Davis, na Thomas Downing ambaye alimwongoza Gilliam kwa karibu. Louis na Noland walikuwa wamejifunza kwa Helen Frankenthaler, ambaye mwaka 1952 alianza kumwaga rangi iliyopunguzwa makali juu ya kanvasi isiyopakwa kitu chochote cha kuziba vinyweleo vyake, ili rangi inywewe na uzi badala ya kukaa juu yake kama ngozi.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililozaa mengine yote. Rangi inapokaa juu ya kanvasi, kanvasi ni meza tu ya kuibebea picha, na meza lazima isimame imara. Rangi inapoingia ndani ya uzi, rangi na kitambaa vinakuwa kitu kimoja, na mtu mwenye fikra pevu hawezi kukosa kujiuliza kwa nini kitambaa hicho bado kinawambwa kwenye mbao kama ngozi ya ngoma. Louis hakulijibu swali hilo kwa vitendo, wala Noland. Walimwaga rangi kwenye kitambaa huru, kisha picha ikamalizikia palepale pa zamani, imenyooshwa na kupigiwa pini, ikitundikwa ukutani kama dirisha. Gilliam, aliyeanza kwa michirizi yenye kingo kali kama ya walimu wake, alilijibu kwa hatua mbili. Mwaka 1967 alianza kutumia fremu zenye kingo zilizokatwa mshazari, hata picha ikaonekana kama inatoka ukutani kuja kwa mtazamaji. Mwaka uliofuata akaiondoa fremu kabisa.

Njia yake ya kazi inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipolala. Alitandika kanvasi mbichi sakafuni, akaimwagia rangi ya akriliki iliyopunguzwa kwa maji, akainyunyizia na wakati mwingine akaitia unga wa alumini ili ing'ae. Kisha, ikiwa bado imelowa, aliikunja: akaipanga pindo juu ya pindo, akaibana, akaiacha ikauke hivyo hivyo. Ilipofunguliwa, rangi ilikuwa imehama kutoka pindo moja hadi jingine, ikaacha mistari myeupe mahali ambapo haikufika na madoa yanayofanana kushoto na kulia kama mabawa ya kipepeo. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na mafundi wa batiki anaijua saa hiyo ya kufungua fundo, pale fundi mwenyewe, pamoja na uzoefu wake wote, anapokuwa mtazamaji wa kwanza wa asichokijua. Gilliam alipomaliza kuikunjua alichukua hatua ambayo wengine hawakuichukua. Aliikunja tena, safari hii hewani, kwa kuifunga na kuitundika. Kwa hiyo mikunjo ya kutengenezea na mikunjo ya kuonyeshea ikakaa katika kitambaa kimoja, ya kwanza ikiwa imeganda katika rangi na ya pili ikiwa bado hai.

Imeandikwa mara nyingi kwamba wazo hilo lilimjia alipoziona nguo zilizoanikwa kwenye kamba nje ya dirisha la karakana yake. Hadithi hiyo inapendeza, na pengine ndiyo sababu imedumu, lakini Gilliam mwenyewe alitoa maelezo tofauti kwa nyakati tofauti na hakupenda kuona kazi yake ikipunguzwa hadi kuwa picha ya nguo zinazokauka. Nadhani alikuwa sahihi kuipinga. Maelezo ya aina hiyo humfanya msanii aonekane mtu aliyebahatika kuchungulia dirishani, ilhali kazi zenyewe zinaonyesha mtu aliyelifuata swali moja la kiufundi kwa miaka sita hadi likampeleka mahali ambapo walimu wake hawakuthubutu kufika.

Wanaoushuku ukubwa wa hatua hiyo wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni ya tarehe. Lucio Fontana, nchini Italia, alikwisha kuichana kanvasi kwa kisu mwaka 1958. Frank Stella, jijini New York, aliacha umbo la mstatili mwaka 1960. Richard Tuttle alipigilia ukutani vipande vya kitambaa vyenye pembe nane, vilivyotiwa rangi na visivyo na fremu yoyote, mwaka 1967. Nchini Ufaransa, mwaka huohuo, Daniel Dezeuze alionyesha fremu ya mbao isiyo na kanvasi, imefunikwa kwa plastiki angavu ambayo macho hupenya, huku mwenzake Claude Viallat akiwa tayari ameanza kuchora kwenye vitambaa visivyowambwa. Na hata kukunja, ambako tunakuona kama saini ya Gilliam, Simon Hantaï alikuwa akikufanya mjini Paris tangu mwaka 1960: aliifinya kanvasi, akaipaka rangi, akaikunjua. Ukizipanga tarehe hizo mstari mmoja, madai kwamba mtu mmoja alivunja minyororo ya karne tano yanapungua uzito.

Lakini orodha ya tarehe hupima nani alitangulia, haipimi nani alifanya nini. Hantaï alikunja kanvasi, kisha akaiwamba. Alitumia mkunjo kama chombo cha kuchorea na akaufuta mara kazi ilipokwisha. Fontana aliichana kanvasi iliyokuwa imewambwa, na mchano wake unahitaji ule mvutano wa fremu ili uonekane kuwa ni jeraha. Stella alibadili umbo la mbao, na mbao zikabaki. Tuttle aliiondoa fremu lakini kitambaa chake, kidogo na kitulivu, kiliendelea kulala ukutani. Gilliam aliichukua kanvasi kubwa, yenye rangi nzito na nyingi kama ya mchoraji yeyote wa zama zake, akaitoa ukutani ikaingia katika chumba, ikawa na mgongo na tumbo, ikamlazimu mtu aizunguke. Sijaona katika kazi za wale wengine mahali ambapo uchoraji wenyewe, pamoja na utajiri wake wote wa rangi, unafanywa kuwa kitu cha kuingiliwa kama mtu anavyoingia chini ya mti. Hilo kwangu linatosha kuitwa uvunjaji, hata kama halikuwa la kwanza kwa kalenda.

Hoja ya pili ya wanaoshuku ni ngumu zaidi, nayo inatokana na maisha ya Gilliam mwenyewe: hakuiacha fremu. Katika miaka ileile alipokuwa akitundika vitambaa darini aliendelea kutengeneza picha za kingo za mshazari, zilizowambwa na kutundikwa ukutani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 alirudi ukutani kwa picha nzito za rangi nyeupe na nyeusi, zilizokatwa vipande na kuunganishwa upya. Mwaka 2018, picha yake iitwayo “Lady Day II”, ya mwaka 1971, iliponunuliwa kwenye mnada wa Christie's jijini New York kwa zaidi ya dola milioni 2, haikuwa ya kuning'inia, ilikuwa imewambwa. Na mwaka 2022, katika maonyesho ya mwisho ya uhai wake kwenye jumba la makumbusho la Hirshhorn jijini Washington, kazi mpya alizoleta zilikuwa za mduara, zimekaa ndani ya fremu. Alifariki tarehe 25 Juni mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 88, maonyesho hayo yakiwa bado wazi. Mtu anaweza kuuliza: ni mvunjaji gani huyu aliyekuwa akirudi kila mara kwenye kile alichokivunja?

Jibu langu ni kwamba swali hilo linamtaka Gilliam awe mwanasiasa wa chama, mwenye msimamo ambao akiugeuka ni msaliti. Mchoraji hafanyi kazi hivyo. Kuivua kanvasi fremu kuligeuza fremu kutoka sharti kuwa chaguo, na kuanzia hapo hata picha iliyowambwa ilikuwa imewambwa kwa makusudi. Hata hivyo nakiri kwamba hoja hii inawaumbua wale wanaosimulia habari za Gilliam kana kwamba alipata wokovu mwaka 1968 na hakutazama nyuma. Soko lenyewe linawasuta: picha inayotoshea ukuta wa sebule ya tajiri hupata mnunuzi upesi kuliko kitambaa cha mita 20 kinachohitaji dari ya jumba la makumbusho, na kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1980 hadi mapema miaka ya 2010, Gilliam aliishi na kufanya kazi Washington akiwa amesahauliwa kwa kiasi kikubwa na masoko ya New York. Aliokolewa katika usahaulifu huo na mchoraji wa kizazi cha baadaye, Rashid Johnson, aliyeandaa maonyesho ya kazi zake za zamani jijini Los Angeles mwaka 2013. Uhuru alioupata kitambaa, kwa hiyo, ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo aliilipa mchoraji.

Ipo pia lawama ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya chini kuliko nyingine: kwamba kitambaa kilichotundikwa vizuri hubaki kuwa pambo. Kuta na madari ya kumbi za sherehe hufunikwa kwa vitambaa vya rangi kila wiki, na hakuna anayeviita sanaa. Lawama hii ina ukweli wake, nami naona kwamba si kila kazi ya Gilliam ya kuning'inia inaishinda. Pale ambapo rangi ni laini mno na mikunjo imepangwa kwa ulinganifu mno, macho hupita haraka. Zinazoshinda ni zile ambazo madoa yaliyoganda yanagombana na umbo jipya la kitambaa: mstari mweupe uliozaliwa wa wima sasa umelazwa, doa lililokuwa na pacha wake limetenganishwa naye na pindo, na jicho linajaribu kuikunjua kanvasi ili liikute ilivyokuwa sakafuni, lisiweze. Mapambo ya ukumbi hayakuachii kazi hiyo.

Sasa niliendee swali la pili, ambalo ndilo lililomsumbua Gilliam maisha yake yote. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968 mjini Memphis. Washington ilikuwa miongoni mwa miji iliyowaka usiku uleule, na barabara ya 14, iliyokuwa uti wa mgongo wa biashara za watu Weusi jijini humo, iligeuka magofu kwa sehemu kubwa. Mwaka huohuo, jijini Chicago, wasanii Weusi wakiwemo Jeff Donaldson na Wadsworth Jarrell waliunda kundi la AfriCOBRA, na msimamo wao ulikuwa wazi: sanaa ya watu Weusi iwaonyeshe watu Weusi, iwe na nyuso, iwe na maneno yanayosomeka, iwe na rangi zinazopiga kelele, na ichapishwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Mwaka 1970 Donaldson alikuja kuongoza idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Howard, hapohapo Washington. Mvutano huu, kwa hiyo, haukuwa wa majarida ya mbali. Ulikuwa wa mji mmoja, na pengine wa meza moja.

Hoja ya AfriCOBRA na wenzao inastahili kuelezwa kwa nguvu zake zote, maana mara nyingi siku hizi, kwa kuwa Gilliam amepata heshima, hoja hiyo hutajwa kama ufinyu wa mawazo. Haikuwa ufinyu. Kwa karne kadhaa picha za Marekani zilikuwa zimemwonyesha mtu Mweusi kama mtumishi, kama kichekesho, au hazikumwonyesha kabisa. Makumbusho makubwa yalikuwa na wasimamizi Weupe, wahakiki Weupe na wafadhili Weupe, na lugha ya uchoraji wa dhahania, lugha ya mistari, nafasi na rangi tupu, ndiyo iliyokuwa tiketi ya kukubaliwa humo. Mtu aliyekuwa akiishi kwenye barabara iliyoungua alikuwa na haki ya kuuliza kanvasi ya zambarau inayoning'inia Corcoran inamsemea nini. Na alikuwa na haki ya kushuku kwamba mchoraji anayekubaliwa na jumba hilo amekubaliwa kwa sababu hakuwaudhi wenye nalo. Swali hilo si la kipuuzi hata leo.

Gilliam hakulikimbia. Mwaka 1969 alitengeneza picha iitwayo “April 4”, sasa mali ya jumba la makumbusho la sanaa ya Marekani la Smithsonian, yenye urefu wa karibu mita 2.8 na upana wa karibu mita 4.6. Rangi yake kuu ni ya zambarau iliyonyweshwa ndani ya uzi, na juu yake yametapakaa madoa mekundu ambayo watu wengi wamesoma kuwa damu. Mwaka uliofuata ikaja “Red April”. Hakuna uso wa King humo, hakuna maneno, kuna tarehe tu katika jina, na tarehe inatosha kwa yeyote aliyeishi siku ile. Lakini kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: “April 4” imewambwa. Gilliam alipotaka kuomboleza hadharani, katika mwaka uleule aliokuwa akitundika vitambaa huru darini, alirudi kwenye fremu na ukuta, kwenye umbo la kale la picha inayokabili watu ana kwa ana kama jiwe la kaburi. Hili linawapa hoja wote wawili. Anayemlaumu anaweza kusema kwamba Gilliam mwenyewe alijua kitambaa kinachoning'inia hakiwezi kubeba msiba. Anayemtetea anaweza kusema kwamba alikuwa na vyombo viwili mkononi na alijua kipi ni cha kazi ipi. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na nimeelekea upande wa pili, ingawa hoja ya kwanza hainiachi nitulie kabisa.

Kinachonielekeza huko ni matendo yake nje ya karakana pia. Mwaka 1971, jumba la makumbusho la Whitney jijini New York liliandaa maonyesho ya wasanii Weusi bila kumshirikisha ipasavyo mtaalamu Mweusi katika kuyasimamia, na umoja wa wasanii uliokuwa ukipigania haki hiyo ukaitisha mgomo. Gilliam aliunga mkono mgomo huo. Mwaka huohuo MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, lilimpa maonyesho yake peke yake, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Marekani katika maonyesho makuu ya Venice, na mara nyingi hutajwa kuwa msanii Mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Mtu aliyenunuliwa na majumba hayo asingegoma katika mwaka ambao milango yake ilikuwa ikimfungukia. Baadaye, akiwa mzee, alieleza kwamba kuweka alama na kuitundika hewani ni tendo la kisiasa, na kwamba kazi yake ni ya kisiasa kama ilivyo ya kiufundi. Mwenye kushuku atasema kila msanii aliyelaumiwa hupata maneno kama hayo uzeeni. Mimi nayachukulia kwa uzito, kwa sababu kudai haki ya kuanza na swali la rangi na uzi, na kutotakiwa kila siku kuwa shahidi wa mateso, ni kudai kitu ambacho mchoraji Mweupe wa Washington hakuwahi kuombwa akitetee. Alma Thomas, aliyekuwa mwalimu wa shule jijini humo na aliyepata maonyesho yake Whitney mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 80, alidai haki hiyohiyo kwa vipande vyake vidogo vya rangi zinazong'aa.

Hapa inafaa kuuliza pia, mila iliyovunjwa ilikuwa mila ya nani. Kanvasi iliyowambwa haikuanza na uchoraji. Ilienea Venice kuelekea mwisho wa karne ya 15 na katika karne ya 16, kwa sababu unyevu na chumvi ya mji ule viliharibu michoro ya ukutani, na kwa sababu mji wa mabaharia ulikuwa na kitambaa cha matanga tele. Wachoraji walikipenda kwa kuwa kiliweza kukunjwa na kusafirishwa. Kwa maneno mengine, kanvasi iliingia katika sanaa ikiwa nguo ya jahazi, na fremu ni kitu kilichoongezwa ili kuisahaulisha asili yake. Gilliam alipopeleka vitambaa vyake Venice mwaka 1972 alikuwa, kwa namna fulani, akivirudisha nyumbani. Na kwa wengi wetu katika Afrika Mashariki, fremu ile haikuwa mila hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam, karibu na mwaka uleule wa 1968, alitumia vipande vya mbao za kiwandani na rangi za mafuta za dukani, na wafuasi wake leo huchora kwenye vitambaa vinavyouzwa vikiwa vimeviringishwa ili vitoshe katika sanduku la msafiri. Sisemi kwamba wawili hao walijuana au walifanana. Nasema tu kwamba neno “kawaida” linapotumika katika historia ya sanaa, ni vizuri kuuliza ni kawaida ya mji upi.

Linalobaki, na ambalo sasa linahitaji kuamuliwa kwa vitendo, ni suala la utunzaji. Picha iliyowambwa ikihamishwa kutoka jumba moja hadi jingine, hufika ikiwa ileile. Kazi za Gilliam za kuning'inia hazikuwahi kutundikwa mara mbili kwa umbo lilelile. Urefu wa dari, idadi ya nguzo na uamuzi wa walio kwenye ngazi siku ile ndivyo vilivyozipa umbo. Alipokuwa hai, mara nyingine alikuja mwenyewe na kuelekeza, na mara nyingine aliwaachia wengine. Tangu mwaka 2022 hayupo. Upande mmoja, wapo watakaosema kwamba lazima lichaguliwe umbo moja ambalo yeye mwenyewe aliliidhinisha, lipimwe, lichorwe ramani, na lirudiwe kila mara, kwani bila hivyo tutakuwa tukitazama mkono wa fundi wa makumbusho na kuuita mkono wa Gilliam. Wasiwasi huo ni wa haki. Pamba ni dhaifu, fundo likivuta palepale kwa miezi uzi hukatika, na rangi iliyomo katika pindo linalotazama dirisha hupauka kabla ya nyingine. Mtunzaji anayetaka utaratibu hafanyi hivyo kwa ukaidi.

Upande mwingine, umbo likigandishwa, kazi itakuwa imepata fremu upya, safari hii ya karatasi. Kwenye jumba la Dia, huko Beacon katika jimbo la New York, kuanzia mwaka 2019 ilionyeshwa “Double Merge” ya mwaka 1968, ambayo ni kanvasi mbili kubwa zilizounganishwa katika chumba kimoja. Dia iliinunua pamoja na jumba la sanaa la Houston, Texas, kwa hiyo kazi hiyo ina makao mawili yenye vyumba visivyofanana. Haiwezekani iwe ileile kote kuwili, na sioni sababu ya kulazimisha iwe. Ningependa majumba hayo yaweke kumbukumbu za picha za kila utundikaji, yaandike nani alifunga nini na wapi, yazungushe sehemu zinazobeba uzito ili uzi upumzike, kisha yawaruhusu wanaopanda ngazi wafanye uamuzi. Kila mara kazi ile itakaposhushwa Beacon, itakunjwa, itawekwa katika kreti na kusafiri kilomita zaidi ya 2,000 kwenda kusini, nao walioko Houston wataifungua sakafuni, waone mistari ile myeupe iliyoachwa na mikunjo ya mwaka 1968, na waanze kujadiliana fundo la kwanza lifungwe wapi.